Memori pepe kwenye kompyuta yenye RAM ndogo: kuipima, kuipanga, na wakati wa kuiacha ilivyo

Assalamu alaykum jamani. Leo nataka tuizungumze kwa kituo hii memori pepe, ile ambayo ndani ya Windows utaikuta imeandikwa Virtual memory, kwa sababu hapa Chake Chake, Pemba, haupiti muda sijaletewa kompyuta imestaki na ukiifungua unakuta mtu ashaichezea hii setingi, ama kaizima kabisa ama kaijaza manamba makubwa yasiyo na hesabu yoyote nyuma yake, na wote wawili wanaharibikiwa kwa sababu moja tu, hawakupima kwanza.

Kuna mwalimu mmoja wa skuli alikuja na kompyuta ya mezani, RAM 4 GB, hadi diski (hard disk) ile ya kuzunguka, anaingiza alama za mtihani kwenye Excel na huku Chrome ipo wazi, mara anaambiwa memori hamna, Excel inajifunga, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Kanambia, "Mwanangu, nshaambiwa ninunue RAM, niandae kiasi gani?" Nikamwambia, "Subiri mama mwalimu, tuitizame kwanza." Kufungua tu nikaona memori pepe imezimwa, kijana wa nyumbani kwake aliona video inasema ukiizima gemu zinakimbia. Nikairejesha, nikamwambia afungue vitu vyake vyote kwa pamoja kama anavyofanya skuli, haikufa tena. Nzito bado, sitomdanganya mtu, lakini alama zake hazikupotea tena na hilo ndo alilolijia.

Sasa twende taratibu.

Kwanza ujue hichi kitu kinafanya nini

Sisi wa Pemba nadhani mfano mwepesi ni karafuu. RAM ni jamvi. Karafuu iliyo juu ya jamvi ndo inayopigwa na jua, yaani ndo inayofanyiwa kazi. Hadi diski ni ndani ya nyumba, ambako umeweka magunia. Jamvi likijaa huna budi baadhi ya karafuu uzitie guniani uziingize ndani, ukizitaka unazitoa tena, na kuna nyengine inabidi uiingize ndo upate nafasi. Kompyuta inafanya hivo hivo, inakata memori vipande vidogo vya 4 KB kila kimoja, vile ambavyo havijaguswa muda mrefu inaviandika kwenye faili moja lililofichwa linaloitwa pagefile.sys, kwa kawaida lipo C, na programu ikivihitaji inavirejesha kwenye RAM.

Kwa hiyo faida yake ni kwamba unaweza kuwa na karafuu nyingi kuliko jamvi. Hasara yake ni ile safari ya kuingia na kutoka. Jamvi likiwa dogo sana na magunia mengi, siku nzima unabeba magunia na hakuna kilichokauka, na hapo ndo unaposikia hadi diski inalia krr krr, taa haizimiki, mausi inakwenda kwa kuruka ruka.

Na hiyo safari sio fupi. RAM inajibu ndani ya takriban nanosekunde 100, hadi diski ya kuzunguka inachukua kama milisekunde 10 kwenda kukitafuta kitu, ukifanya hesabu ni mara 100,000. SSD, ile diski mpya isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani, inachukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde, bado iko nyuma ya RAM kama mara 1,000 lakini ukiilinganisha na ile ya kuzunguka ni mbingu na ardhi. Hizi namba zishike kichwani maana ndo zinazoeleza kwa nini setingi ile ile kwa mtu mmoja inafanya maajabu na kwa mwengine haibadilishi kitu.

Fikra yenyewe ya zamani sana, kompyuta ya Atlas pale Manchester, Uingereza, iliyoanza kazi 1962, ilikuwa inafanya hivi kati ya memori yake ndogo na ngoma ya sumaku, na sababu ilikuwa hii hii yetu ya leo, memori ghali na kazi ni nyingi. Kwa hiyo mtu asikwambie ni ujanja wa Windows tu, karibu kila mfumo wa leo unayo.

Jambo la pili ambalo watu wanalikosa: programu ikifunguliwa inaomba memori, na Windows inaiahidi. Ahadi zote kwa pamoja haziwezi kuzidi RAM ukijumlisha na ukubwa wa pagefile. Ahadi zikifika mpaka, programu inayoomba inakataliwa, na programu nyingi zikikataliwa hazijui kusema samahani, zinajifunga tu. Ndo yalomkuta mwalimu. RAM yake ilikuwa haijajaa hata, kilichojaa ni ahadi. Ukilielewa hili umeshaelewa nusu ya mwongozo mzima.

Hatua ya 1: pima, usiguse kitu

Fungua kompyuta yako siku ya kazi ya kweli, sio siku unaifanyia majaribio. Fungua vyote unavyofunguaga kwa pamoja, Word, Excel, Chrome na kurasa zako zote, WhatsApp ya kompyuta, programu ya hesabu za duka kama unayo. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itakuja Task Manager. Ikija ndogo haina kitu bonyeza More details pale chini. Nenda Performance, halafu Memory.

Pale chini tizama palipoandikwa Committed. Utaona namba mbili, mfano 6.8/7.9 GB. Ya kwanza ni ahadi zilizotolewa sasa hivi, ya pili ni mpaka. Kwa mwalimu ilikuwa 3.7/3.9, mpaka ulikuwa RAM peke yake, hakuna chengine. Andika hizo namba kwenye karatasi, pamoja na saa na ulikuwa umefungua nini. Fanya hivo siku tatu nne, mara mbili kwa siku, chukua ile kubwa kuliko zote. Najua inachosha na najua mtu anataka aambiwe namba aandike aondoke, lakini wallahi hapa ndo penye kazi yenyewe, huko mbele ni kubonyeza tu.

Hapo hapo kwenye ukurasa wa Memory kuna mambo mengine mawili uyatizame. La kwanza ni Hardware reserved, ni RAM iloshikwa na kompyuta yenyewe, mara nyingi kwa ajili ya kioo. Ukiona una 4 GB lakini karibu GB nzima imeshikwa, basi nenda Settings, System, About, utizame mfumo wako kama ni 32-bit. Kompyuta nyingi za used zinazokuja zimepigwa Windows ya 32-bit na muuzaji hakwambii, na hiyo kwenye RAM ya 4 GB inaiona kama 3.2 mpaka 3.5 tu, kilobakia kinakaa bure. Kama prosesa inakubali 64-bit, na nyingi zinakubali, hapo hapo About pameandikwa x64-based processor, basi kupiga Windows upya ya 64-bit kutakupa faida kubwa kuliko setingi yoyote nitakayoieleza humu.

La pili ni ule mgawo wa Slots used, utakwambia una nafasi ngapi za RAM na ngapi zimetumika. Iandike hiyo, tutaihitaji mwisho.

Sasa tujue hizo safari za magunia ziko ngapi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, Enter. Nenda Memory. Upande wa kulia kuna michoro, mmoja wapo Hard Faults/sec. Ule ndo unaohesabu kila mara programu inapotaka kitu ambacho hakipo kwenye RAM mpaka kikaletwe kutoka diski. Ukiruka juu unapofungua programu mpya kisha ukashuka, hiyo kawaida, kila kompyuta inafanya. Ukikaa juu muda wote huku unafanya kazi ya kawaida, hilo jamvi ni dogo kweli kweli.

Na kama unapenda kujua pagefile yako yenyewe imetumika kiasi gani tangu ulipowasha, bonyeza kulia kwenye Start, fungua PowerShell au Terminal, uandike:

Get-CimInstance Win32_PageFileUsage | Format-List *

AllocatedBaseSize ni ukubwa wake sasa, CurrentUsage inayotumika sasa, PeakUsage ndo kilele tangu kompyuta iwashwe. Zote ni kwa MB. Iandike hiyo kilele jioni kabla hujazima, maana kompyuta ikianza upya nayo inaanza upya.

Hatua ya 2: punguza mzigo kabla hujaongeza ghala

Hii nitaipita haraka. Kwenye Task Manager hiyo hiyo kuna Startup, zima vyote visivyokuwa na kazi kwako vinavyojiwasha pamoja na kompyuta. Usizime antivairasi. Kama una antivairasi mbili toa moja, nimekuta mtu anazo tatu, kila fundi alompelekea kamuekea yake. Chrome nenda kwenye Settings kisha Performance uiwashe Memory Saver. Ukishamaliza pima tena, pengine tatizo limeshaondoka na huna haja ya kuendelea na kusoma.

Hatua ya 3: hii faili ikae wapi

Hapa pana maneno mengi mitaani na mengi sio sahihi, ngoja tuyapange.

Kama una SSD moja tu, pagefile ikae humo humo C. Watu wanaogopa SSD itakufa kwa kuandikwa andikwa, lakini faida ya kuiweka kwenye SSD ni kubwa kuliko hiyo hofu na mimi sijaona SSD ya mteja ilokufa kwa ajili ya pagefile. Kama una SSD na hadi diski ya kuzunguka kwa pamoja, usiihamishie kwenye ya kuzunguka ati kuipumzisha SSD, unairejesha kompyuta miaka kumi nyuma.

Kama una hadi diski moja iliyogawiwa C na D, kuhamishia D hakuongezi kasi hata kidogo. C na D hapo ni vyumba viwili vya nyumba moja, sindano inayosoma ni ile ile, tena pengine unaipa safari ndefu zaidi. Sababu pekee ya kuhamisha ni kama C imejaa pomoni na huna cha kufuta. Lakini ukiwa na hadi diski mbili za kweli, mbili unazoweza kuzishika kwa mikono, kuweka pagefile kwenye ile isiyokuwa na Windows inasaidia, maana moja inasoma programu na nyengine inashughulikia memori.

Fleshi hapana. Ikichomolewa ghafla kompyuta inakufa mkononi mwako, na Windows yenyewe haikuruhusu kuiweka kirahisi. Ile ReadyBoost ambayo watu wanaisema, ilokuja na Vista 2007, ni kitu chengine, ile inaweka nakala za vitu kwenye fleshi ili visomwe haraka, haigeuzi fleshi kuwa RAM. Kwa kompyuta yenye SSD haina maana yoyote.

Na ukiiweka kwenye diski nyengine acha kidogo C pia, kama 1024 MB, kwa sababu ikitokea ule ukurasa wa bluu wa kompyuta kufa ghafla, Windows inaitumia pagefile ya C kuandikia kilichoharibika. Bila ya hiyo fundi anabaki anabahatisha.

Hatua ya 4: hesabu

Ile kanuni ya zamani, mara moja na nusu ya RAM kuanzia na mara tatu mwisho, mimi nimeitumia miaka kwa kila kompyuta ilokuja mezani na sasa nimeiacha, na nitakwambieni iliponifundisha. Alikuja kijana wa chuo na kile kilaptopu kidogo, RAM 4 GB, hifadhi ni eMMC ya 32 GB, ile ndogo iliyochomelewa kwenye bodi. Nikampigia kanuni yangu, 6144 kuanzia, 12288 mwisho. Baada ya siku chache karudi, Windows haiwezi kujisasisha, Word haiwezi kuhifadhi, C nyekundu. Nilimla GB 6 mtu ambaye alikuwa hana hata GB 8 za bure. Kosa lilikuwa langu, nilimtengenezea bila ya malipo na tangu siku hiyo naanza na karatasi na kalamu.

Hesabu ni hii. Chukua ile Committed kubwa kuliko zote ulioandika. Toa RAM yako. Kinachobakia ndo kiwango cha chini kabisa cha pagefile unachokihitaji. Kisha ongeza nafasi ya kupumulia.

Mfano: Committed ya juu ni 7.0 GB, RAM inayoonekana ni 3.9. Saba kutoa 3.9 ni 3.1. Unaongeza kama GB moja, unapata kama 4. Kwa hiyo kuanzia unaweka 4096, na mwisho unaweka mara mbili, 8192, ili siku ya mzigo mkubwa isikukatalie. Kwa nini kuanzia iwe kubwa ya kutosha? Kwa sababu Windows ikiachiwa, inaikuza pagefile ahadi zikifika asilimia 90 ya mpaka, na kule kuikuza katikati ya kazi kwenye hadi diski ya kuzunguka ndo ile dakika moja kompyuta imeganda haihisi mausi wala kibodi. Pia kila ikikua inachukua vipande vya diski huku na huku. Ukiipa ukubwa wake mapema inakaa pamoja na haiwi na haja ya kukua kila siku.

Windows hutaka uandike kwa MB, na GB moja ni 1024, sio 1000. Kwa hiyo 2 ni 2048, 3 ni 3072, 4 ni 4096, 6 ni 6144, 8 ni 8192.

Kabla hujaridhika na namba yako tizama nafasi ya C. Ukishatoa ile namba ya mwisho, lazma C ibaki na angalau GB 10 mpaka 15 za bure, vyenginevyo punguza. Ukiwa na eMMC ndogo kama ya yule kijana, achia Windows isimamie yenyewe, maana yenyewe ina kipimo chake, inaweza kufika mara tatu ya RAM au GB 4, ile ilo kubwa, lakini haizidi sehemu moja ya nane ya diski ilipokaa. Kwa vilaptopu vile hicho kipimo ni cha busara kuliko changu.

Kama una 8 GB na SSD, maoni yangu acha automatiki isipokuwa umepima ukaona ahadi zinagonga mpaka. Ukiwa na 16 na kuendelea, acha kabisa, hapa unapoteza muda wako. Na hata ukiwa na 32 usiizime. Ziko programu, za video na za ramani za majengo hasa, zinaomba ahadi kubwa sana ambazo hazizitumii zote, pagefile ipo pale kuibeba ahadi hata kama hakiandikwi kitu ndani yake.

Hatua ya 5: kuipanga

Hifadhi kazi zako zote kwanza. Umeme wetu mnaujua.

Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, Enter. Lazma uwe na ruhusa ya msimamizi, kama kompyuta ni ya ofisi muombe anaehusika, usitafute njia ya uani.

Nenda Advanced. Pale juu penye Performance bonyeza Settings. Litakuja dirisha jengine, nalo lina Advanced yake, bonyeza hiyo. Chini utaona Virtual memory, na ukubwa wa sasa. Piga picha kwa simu hapo hapo, picha hiyo ndo itakayokurejesha ulipotoka kama mambo yamekataa. Bonyeza Change.

Juu kabisa pana tiki kwenye Automatically manage paging file size for all drives. Itoe. Sasa bonyeza C kwenye orodha, au diski uliyoichagua. Chagua Custom size. Initial size weka namba ya kuanzia, Maximum size weka ya mwisho. Kwa mfano wetu 4096 na 8192.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndo wengi wanapopotea: bonyeza Set. Ukibonyeza OK bila ya Set, Windows inafunga dirisha kimya kimya na hakuna kilichobadilika, na wewe utakwenda kuhadithia kwamba hii kitu haifanyi kazi. Baada ya Set, tizama kwenye orodha, namba zako lazma zionekane mbele ya herufi ya diski. Zikionekana ndo OK, OK, OK mpaka madirisha yote yafungike.

Kama unahamisha kutoka D kwenda C, usisahau kurudi D, chagua No paging file, Set. Windows itakuonya, kubali, maana C ishapewa yake.

Kisha uiwashe upya kwa Restart. Nasema Restart makusudi. Kwenye Windows 10 na 11 ukichagua Shut down mara nyingi haizimi kikamilifu, inajihifadhi ili iwake haraka, kwa hiyo mabadiliko mengine hayaingii. Restart inaanza moja kwa moja upya.

Hatua ya 6: hakikisha

Rudi Task Manager, Memory, Committed. Namba ya pili sasa iwe RAM yako ukijumlisha na ulichoandika kuanzia, 3.9 na 4 utaona kama 7.9. Ukiona bado ni ya zamani, Set haikubonyezwa.

Kisha fanya kazi zako siku mbili tatu kama kawaida na ile karatasi yako pembeni. Unachokitafuta ni viwili tu. Ile ya kwanza isiikaribie ya pili, na ule mgando wa dakika nzima usiwepo. Kama namba ya pili inapanda yenyewe juu ya ulichoweka kuanzia, basi kuanzia kwako ni ndogo, ongeza 1024 uendelee.

Ikitokea umewasha ukaambiwa Windows imeunda paging file ya muda kwa sababu ya tatizo la mpangilio, usibabaike. Mara nyingi ni kwa sababu C haina nafasi ya ulichoomba, au diski ulioiweka haikuonekana wakati wa kuwaka. Rudi pale pale, rejesha tiki ya automatiki, OK, Restart, safisha diski kisha uanze tena.

Nafasi ikiwa ndogo: faili la kulala

C yako ikiwa imebana na unataka nafasi ya pagefile, kuna faili jengine kubwa lililofichwa, hiberfil.sys, linalotumika kompyuta inapolala usingizi mzito au kuwaka haraka. Kwa kawaida ni kama asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo kwenye 8 GB ni zaidi ya GB 3. Ukifungua Terminal kama msimamizi ukaandika powercfg /h off, linaondoka.

Lakini hapa mimi natenganisha. Kompyuta ya mezani isiyokuwa na UPS, yaani ile betri ya akiba ya umeme, liondoe bila ya wasiwasi, umeme ukikatika haipati hata nafasi ya kulitumia. Laptopu liache, kwa sababu betri ikikaribia kwisha umeme haujarudi, inajilaza na kazi yako inakaa salama mpaka asubuhi. Huku kwetu hiyo ina thamani kuliko GB 3. Ukibadilisha mawazo ni powercfg /h on.

Wenye Linux

Kwa ufupi. Tizama kwanza kwa free -h. Kama mstari wa Swap, ambayo ndo memori pepe ya huko, ni sifuri, hizi hapa moja moja:

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Na ili idumu ongeza kwenye /etc/fstab mstari huu: /swapfile none swap sw 0 0. Usisahau ile chmod, bila ya hiyo mtu mwengine kwenye kompyuta anaweza kuisoma memori yako. Ile vm.swappiness, namba inayosema mfumo uwe mwepesi kiasi gani kupeleka vitu kwenye swap, ambayo kila mtu anataka kuishusha, kawaida yake ni 60, kwenye hadi diski ya kuzunguka unaweza kuijaribu 10 utizame, kwenye SSD mimi siigusi.

Inapofika mwisho wa uwezo wake

Kama umepanga vizuri, ahadi hazigongi mpaka, na bado Hard Faults zinakaa juu na diski iko asilimia 100, basi tatizo sio setingi tena. Jamvi ni dogo. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu na kompyuta ina hadi diski ya kuzunguka na RAM 4, mimi ningeanza na SSD, maana kila kitu kitabadilika, kuwaka, kufungua programu, na hiyo hiyo memori pepe. Ukiwa tayari una SSD, nunua RAM.

RAM usiinunue kwa kukisia. Zima, toa chaja na betri kama inatoka, fungua, toa ile ilomo uisome kibandiko chake. DDR3 na DDR4, ambazo ni aina mbili za RAM, haziingiliani hata kwa nguvu, mkato wake uko pahala tofauti. Na laptopu nyingi za miaka ya 2013 mpaka 2016 zinataka DDR3L, yenye umeme mdogo wa volti 1.35, ukizipa DDR3 ya volti 1.5 nyengine hazitowaka kabisa. Piga picha kibandiko kikiwa wazi, mtumie muuzaji wa Darajani au Mlandege kwa WhatsApp kabla hajaipakia, maana ikishapanda boti ikateremka Mkoani na sio yenyewe, kuirejesha Unguja ni wiki nyengine na nauli nyengine. Ukiwa na laptopu fungua kuhakikisha nafasi ipo kweli, ziko ambazo RAM imechomelewa kwenye bodi na hakuna pa kuongezea.

Wakati imefunguka, zile meno za rangi ya dhahabu za RAM ya zamani zisugue taratibu kwa raba ya penseli safi, hewa yetu hii ya chumvi inazifanyia ukungu, uzipulize vumbi la raba ndo uzirudishe.

Ukishaongeza RAM, zile namba zako za mwanzo hazina maana tena kwa sababu zilihesabiwa kwa RAM ya zamani. Rudi sysdm.cpl, Advanced, Settings, Advanced, Change, rejesha ile tiki ya juu kabisa, OK, Restart, kisha chukua karatasi mpya uanze kupima wiki ijayo.